Kobe Mkubwa Nyumbani: Umri Wake, Uzao Wake na Wajibu Wako

Mvua za kwanza zinaponyesha katika uwanda wa Mkata, kobe hutoka mafichoni kutafuta majani mabichi. Huo ndio wakati ambapo mtu anayetoka shambani, katika vitongoji vya Kimamba au kandokando ya mashamba ya mkonge, hukutana na kobe mdogo anayeenea kiganjani. Humwokota, akampeleka nyumbani, na watoto wakafurahi. Wengine huletewa na muuzaji wa njiani kwa bei isiyozidi ya kuku. Kwa kuwa kobe hapigi kelele, hamwumi mtu na hali chakula kingi, wengi hudhani kwamba kumfuga ni jambo lisilo na gharama wala madhara.

Makala hii inaeleza kwa nini dhana hiyo si sahihi. Inamhusu zaidi kobe mkubwa mwenye madoa ya rangi ya manjano na nyeusi, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Huyu ndiye kobe wa asili mkubwa kuliko wote katika nchi yetu, naye hupatikana katika nyika za Kilosa na Mikumi.

Kobe ni mali ya nani?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, imeweka wazi kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na kwamba Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo kobe aliyeokotwa porini hageuki kuwa mali ya aliyemwokota, hata kama amemtunza kwa miaka mingi. Kumkamata, kumweka, kumuuza au kumsafirisha pasipo kibali ni kosa.

Sheria haikufunga mlango kabisa. Ipo nafasi ya kuanzisha bustani, shamba au ranchi ya wanyamapori kwa leseni na chini ya ukaguzi. Lakini risiti ya dukani, maneno ya muuzaji au barua ya jirani haviwezi kuchukua nafasi ya leseni hiyo.

Mnunuzi ajihadhari pia na wanaomshawishi azalishe kobe kwa ahadi ya soko la nje. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Aidha, kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kama CITES. Mmoja wao, kobe bapa wa majabali anayeishi Tanzania, Kenya na Zambia, alihamishiwa mwaka 2019 katika kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo, ambacho kinazuia biashara ya wale waliokamatwa porini. Mtu anayekuahidi faida ya haraka bila kukuonyesha kibali, usimpe fedha yako.

Umri wake huweza kuupita wako

Kobe mwenye madoa anayeenea kiganjani leo atakua polepole hadi afikie kilo kumi, ishirini au zaidi, naye huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Mzazi mwenye umri wa miaka 40 anayempokea kobe mchanga anawaamulia watoto wake, na pengine wajukuu, mzigo ambao hawakuuomba. Kabla ya kufikiria ua na chakula, swali la kwanza ni hili: nani atamtunza siku ambayo mimi sitakuwapo?

Anahitaji uwanja mpana wenye nyasi, jua la kutosha, kivuli, maji ya kina kifupi na ua usiotikisika, kwa maana kobe mzito husukuma na kuchimba. Chakula chake ni nyasi na majani ya porini. Ugali, wali, mkate na mabaki ya mezani humharibu. Akikua haraka kwa chakula kisichomfaa na bila madini ya chokaa ya kutosha, gamba lake hupinda na kuota vichuguu, na ulemavu huo haurekebishiki.

Wawili huwa wengi

Jike aliyekomaa hutaga mayai kati ya matano na thelathini kwa mara moja, na huweza kutaga mara kadhaa katika msimu mmoja. Mayai hukaa ardhini kwa miezi mingi, mara nyingi tisa au zaidi, hata mwenye nyumba akasahau kwamba yalitagwa. Tukadirie kwa kiasi: jike mmoja ataga mara tatu kwa mwaka, mayai kumi kila mara, na nusu tu yaanguliwe. Hao ni watoto 15 kwa mwaka, na 150 kwa miaka kumi, kabla hatujahesabu wajukuu. Porini, nyoka, kenge, ndege na moto huwapunguza sana. Uani, ambako binadamu amewaondoa maadui wote hao, anayebaki kupunguza idadi ni binadamu mwenyewe.

Yapo mambo mawili yanayowashangaza wafugaji. La kwanza, jinsia ya kobe mchanga haitambuliki kwa urahisi. Dume hujulikana baadaye, kwa mkia mrefu zaidi na tumbo la gamba lililobonyea. Muuzaji anayeapa kwamba wote wawili ni majike anabahatisha. La pili, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, hivyo kumtenga na dume leo si hakikisho kwamba hatataga mayai yenye uhai mwakani.

Historia ya kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, inatufunza. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alipeleka huko zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wamefikia takriban 200. Kisha wakaanza kuibwa ili wauzwe nje kama wanyama wa kufugwa, na wengine waliwe. Mwaka 1996 walibaki saba tu. Ilibidi waletwe wengine wachanga na kujengewa uzio wa kuwalinda. Wanne walipata kuwa mia mbili kwa sababu walikuwa na kisiwa kizima. Waliangamia upesi kwa sababu walikuwa na bei.

Nchini Marekani kuna funzo la namna nyingine. Kobe wa Saheli mwenye miiba mapajani, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 80, alizalishwa mno na kuuzwa akiwa mdogo kwa bei nafuu. Walipokua, wenye nyumba walishindwa kuwatunza, na vituo vya hifadhi katika jimbo la Arizona na kwingineko vikajaa kobe waliotelekezwa. Wakati huohuo, ndugu zao wa porini barani Afrika wamo hatarini kutoweka. Wingi wa uani haukuwa akiba ya porini. Jimbo hilo limekwenda mbali zaidi kwa kobe wake wa jangwani: aliyekabidhiwa kobe huyo haruhusiwi kumzalisha.

Kwa nini nisimwachie tu porini?

Hili ndilo wazo la kwanza la aliyechoka, hasa anayeishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Usifanye hivyo. Kobe aliyekaa na kuku, mbuzi na kobe wengine huweza kubeba maradhi ya njia ya hewa na kuwaambukiza wa porini. Aliyezoea kulishwa hajui maji yako wapi. Na kama ni wa jamii ya kigeni, anapelekwa mahali pasipo pake.

Hatari hiyo huwagusa pia wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Kobe hubeba kupe, na baadhi ya kupe hao ni wa jamii inayoeneza ugonjwa wa maji moyo. Kwa hofu ya ugonjwa huo, Marekani ilizuia mwaka 2000 uingizaji wa kobe mwenye madoa na jamaa zake wawili wa Afrika. Kumhamisha kobe kutoka kata moja hadi nyingine ni kuhamisha kupe wake pia.

Ndani ya nyumba, kobe huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamgusapo, na chombo chake cha maji kisioshwe mahali pa kuoshea vyombo vya chakula.

Ufanye nini?

Ukimwona kobe porini au barabarani, mwache. Akiwa katikati ya barabara, msogeze pembeni kuelekea upande aliokuwa akienda, kisha endelea na safari.

Ukiuziwa, muulize muuzaji: kibali chake kiko wapi, kobe ametoka wapi, ana umri gani, na iwapo atampokea ukishindwa kumtunza. Akisita kujibu swali la kwanza, hayo mengine hayana haja.

Ukiwa tayari unaye bila kibali, usimfiche, usimuuze na usimtupe. Toa taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ukipitia kwa mtendaji wa kijiji au kata ikibidi, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, yenye makao makuu mjini Morogoro. Wao ndio wenye uwezo wa kisheria wa kuamua aende wapi.

Ukiwa na leseni, watenge madume na majike, kagua udongo wakati wa kutaga, na uondoe mapema mayai ambayo watoto wake hawana mahali pa kwenda. Weka daftari la idadi, na umkaribishe daktari wa mifugo anapohitajika. Usizalishe hata mtoto mmoja ambaye hujamjua mlezi wake.

Mkulima mwenye busara haongezi mbegu kuliko shamba. Kobe mmoja, aliyepatikana kwa njia halali na kutunzwa hadi uzee wake, ni wajibu wa kutosha kwa kaya moja. Na aliye bora zaidi ni yule anayetoka mwenyewe mvua zinaponyesha, akavuka njia mbele yako na kuendelea na safari yake.