Je, Wajua? Ubao Unaosimama kwa Kuanguka

Ubao wa umeme wenye magurudumu mawili husimama kwa sababu unaanguka bila kukoma. Kila unapoelekea chini, magurudumu hukimbilia upande huohuo na kuuwahi. Ukizimwa tu, unalala.

Kazi hiyo huongozwa na jairoskopu, kifaa kidogo kuliko punje ya hindi, kinachopima jinsi ubao unavyoinama mamia ya mara kwa sekunde. Mpandaji akiinamia mbele, mota huongeza mwendo. Akiinamia nyuma, hupunguza. Hakuna kanyagio wala breki ya mkono.

Mafundi hawakungoja viwanda. Mvumbuzi Dean Kamen alizindua Segway, chombo cha magurudumu mawili kinachojisimamisha vivyo hivyo, Desemba 2001. Muda mfupi baadaye mhandisi Trevor Blackwell akajiundia chombo cha aina hiyo kwa vipuri vya kununua.

Hatari iko kwenye kasi, na si ndogo. Mota ikifikia mwisho wa nguvu zake, haibakiwi na akiba ya kuuinua ubao. Pua hugonga barabara ghafla, na mpandaji hurushwa mbele. Ndiyo maana programu iliyoandikwa vizuri huinyanyua pua mapema, ili mpandaji alazimike kupunguza mwendo.

Ajabu kubwa imo ndani ya betri. Betri ya lithiamu hubeba kinywe, yaani grafiti, kizito mara kadhaa kuliko lithiamu yenyewe. Penseli huandika kwa kinywe hichohicho. Wilaya ya Ruangwa nchini Tanzania ina hazina za madini hayo Nachu, Chilalo na Lindi Jumbo. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu hujipenyeza katikati ya matabaka membamba ya kinywe na kukaa humo hadi ubao uwashwe.