Saa za Ukutani Zimetutosha



Mzee mmoja mwenzetu wa hapa Arua, aliyetia kuni katika tanuri la kiwanda kwa miaka 28, alipostaafu tulimfanyia sherehe nzuri. Soda zilikuwapo, nyama ya mbuzi ilikuwapo, hotuba zilikuwapo kupita kiasi, na zawadi zilifungwa kwa karatasi za kung'aa. Alipozifungua nyumbani kwake alikuta saa tatu za ukutani, seti mbili za glasi, na picha ya maua ndani ya fremu. Nyumba yake ni ya udongo na nyasi, ya duara, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu. Ukipigilia msumari ukutani udongo unaanguka. Saa moja aliiweka juu ya sanduku. Ya pili alimpa mwanawe. Ya tatu aliiuza sokoni, na alichopata hakikufika hata bei ya bati moja. Naye bati ndilo alilokuwa analihitaji.

Hakuna aliyemwuliza. Sisi wa kamati tulikusanya fedha, tukawatuma vijana wawili mjini, nao wakanunua vitu vya kupendeza macho. Tunakiri kosa hilo wenyewe katika ukurasa huu, kwa sababu si yeye peke yake tuliyemtendea hivyo.

Desturi ya zawadi katika West Nile ni ya zamani, wala hatuandiki ili kuivunja. Tangu wakati wa Waingereza, Walugbara na Waalur wengi walikuwa wakienda kusini kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi. Mkataba ukiisha, mtu alirudi na blanketi, sufuria, kitambaa cha mke wake, na aliyejibana sana alirudi na baiskeli. Vitu vile vilipokelewa kwa vigelegele kwa sababu aliyevileta aliijua nyumba anayoipelekea. Alijua mama yake analalia nini na maji yanachotwa kwa chombo gani. Sisi tunaofanya kazi pamoja miaka mingi twaweza kujuana kwa jina na kwa zamu, lakini nyumba ya mwenzako huijui mpaka siku ya msiba.

Baadaye wazazi wetu walipata somo jingine, gumu zaidi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wengi sana wa Arua, Koboko na Moyo walikimbilia Zaire na Sudan. Wapo kati yetu waliozaliwa huko, na wapo waliobebwa mgongoni kuvuka mpaka. Huko walikuwa watu wa kupewa. Waliletewa walichoamuliwa na wengine. Mtafiti mmoja, Barbara Harrell-Bond wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikaa na wakimbizi hao wa Uganda katika eneo la Yei, kusini mwa Sudan, na mwaka 1986 akatoa kitabu kiitwacho Imposing Aid, yaani msaada wa kushurutishwa. Alieleza jinsi watoaji wanavyoamua mambo bila kumsikiliza mpokeaji, kana kwamba mtu akipoteza nyumba amepoteza na akili. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu ili kulijua hilo, lakini ni vizuri liliandikwa.

Leo mambo yamegeuka, sisi ndio wenyeji. Wakimbizi wa Sudan Kusini wako Rhino Camp na Bidi Bidi, na wale wa Kongo wako Lobule, Koboko, tangu mwaka 2013. Aliyefika sokoni karibu na kambi ameona mama akiuza sehemu ya mgao wake wa nafaka. Wengine humsema vibaya kwamba amepewa chakula na anakiuza. Hawaulizi mashine ya kusaga analipa kwa nini, sabuni anainunua kwa nini. Ndiyo maana familia nyingi zilianza kupewa fedha mkononi badala ya magunia. Na sisi tuliokwisha kununuliana saa tatu kwa nyumba isiyo na ukuta wa msumari, tusimcheke mtu.

Sasa tuje kwa mama mmoja wa Koboko. Alikuwa mchambuaji wa majani ya tumbaku, msimu baada ya msimu, mikono imekuwa ya rangi ya kahawa. Ilipokaribia siku yake ya kuaga, tukamwita katika mkutano wa tawi chini ya mwembe kumwambia kwamba sherehe inaandaliwa. Alisimama akasema, "Nimeziona saa za yule mzee. Mimi msininunulie kitu. Binti yangu alijifungua kwenye mkeka, sakafuni, maana vitanda vya kituo chetu cha afya havikuwa na magodoro. Fedha yangu ikanunue magodoro."

Palikuwa kimya. Kisha pakawa na ubishi wa kweli, na tunauandika hapa kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na maneno.

Mzee mmoja alisema zawadi ni kitu cha kuonekana. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi hawezi kurudi kwao mikono mitupu, majirani watamcheka, watasema amefukuzwa. Mwingine akasema huyu mama mwenyewe hana sufuria ya maana, itakuwaje tumwache agawe kilicho chake? Kijana mmoja akajibu kwamba kama ni chake, basi ni chake hata kukigawa. Tulibishana mpaka kengele ya kazi ikalia. Mwisho mama akasema, "Nyinyi mnaniuliza ama mnaniambia?" Hapo mkutano ukafungwa.

Tulinunua magodoro manne, yale yaliyovikwa plastiki nzito inayofutika. Yalipakiwa juu ya lori la muhogo lililokuwa linakwenda Koboko, kilometa zaidi ya 50, na wawili wetu walikaa juu yake ili yasipeperuke. Mkunga aliyapokea akatia sahihi katika daftari letu. Kabla ya safari, karani mmoja wa ofisini alikuja na rangi na brashi akitaka kuandika jina la kiwanda kwenye kila godoro, na akataka mama apigwe picha akiwa ameketi juu yake. Mama alimwambia kwamba magodoro manne ni ya wafanyakazi, kiwanda kikitaka jina kilete la tano. Hadi leo la tano halijafika.

Na siku ya kuaga wanawake wa chumba cha kuchambua walimletea kuku watatu na kitenge, ingawa alikuwa amekataza. Alivipokea akicheka. Sisi wa kamati hatukuona kosa. Mtu akisema hataki zawadi, hajawakataza rafiki zake wasimpende.

Jambo hili la kuwaambia wageni watoe fedha kwa wenye shida badala ya kuleta zawadi limekuwa la kawaida katika nchi tajiri. Mwaka 2011 William, mjukuu wa Malkia wa Uingereza wa wakati huo, alipomwoa Catherine, walifungua mfuko wa hisani na kuwaomba waliotaka kuwapa zawadi wachangie humo. Ni vizuri. Lakini mtu ambaye ghala lake limejaa hapotezi kitu akisema msiniletee. Mfanyakazi wa msimu anayestaafu bila paa zima, akisema maneno yale yale, ametoa kitu kikubwa mno. Kwa hiyo yule mama asigeuzwe fimbo ya kuwapigia wengine. Tumeshaanza kusikia wengine wakisema, "Mama wa Koboko alitoa, wewe wataka mabati?" Maneno hayo tunayakataa. Anayetaka mabati apewe mabati. Wazo la kutoa sadaka litoke kinywani mwa mwenye zawadi, lisipendekezwe na kamati, wala na meneja, wala na mhubiri.

Tunasema na meneja kwa sababu ipo habari nyingine. Miaka kadhaa iliyopita, mahali pa kazi ambapo hatutapataja, kila mfanyakazi alikuta mshahara wake umepungua shilingi 5,000. Tulipouliza tuliambiwa ni mchango wa zawadi ya kumuaga mkubwa mmoja aliyekuwa anahamishwa, na kwamba mchango huo ni wa hiari. Hiari gani inayokatwa kabla hujaiona? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu kwa lolote analopenda, ila kwa yale yaliyoruhusiwa na sheria. Tulilalamika kwa barua, tukaenda ofisini mara mbili, fedha zikarudishwa kwa wengi wetu. Waliokuwa wa kibarua, ambao msimu wao ulikwisha kabla ya jibu kufika, hawakurudishiwa, na jambo hilo bado linatuuma. Kumbukeni kwamba kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini. Shilingi 5,000 si kitu cha kuchezea.

Tena zawadi isichanganywe na haki. Tumeona mwajiri akimkabidhi mtu saa mbele ya watu, makofi yakapigwa, kumbe makato yake ya NSSF hayajapelekwa kwa miezi mingi. Mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2022 yamewataka waajiri wote wapeleke, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Hiyo si zawadi, wala haishukuriwi kwa hotuba. Kabla ya kupanga sherehe ya mtu yeyote, kamati yetu sasa inamwomba alete karatasi ya hesabu yake ya NSSF tuitazame pamoja. Mara mbili tumekuta mapengo. Mara ya kwanza sherehe iliahirishwa kwa wiki tano mpaka mwajiri alipopeleka, na mbuzi aliyekuwa amenunuliwa akazidi kunenepa.

Namna tunavyofanya katika tawi letu ni hii. Miezi mitatu kabla, watu wawili anaowaamini huenda nyumbani kwake jioni, wala hawamwulizi mkutanoni ambako aibu inaweza kumsemea. Humwuliza anachohitaji, na kama yupo mwingine ambaye angependa asaidiwe. Hukaa, huangalia paa, hunywa chai. Anachosema kinaandikwa, na kikiwa ni fedha taslimu, ni fedha taslimu, bila kuuliza atazifanyia nini. Mchango hauna kiwango. Asiye na fedha huleta nguvu zake. Wakati mmoja vijana wa kupakia mizigo walikata nyasi wakaezeka nyumba nzima kwa Jumapili mbili, na hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote mwaka ule. Fedha za simu tunazipokea, lakini tunapozitoa kuna gharama, na pamoja nayo ile kodi ya asilimia 0.5 iliyobaki tangu mwaka 2018, kwa hiyo walio karibu tunawaomba walete mkononi. Daftari huwa wazi mezani, na mtu akitaka jina lake lisiandikwe tunaandika "mwenzetu". Waislamu na Wakristo wengi wetu hupenda hivyo.

Na yule mzee wa saa tatu? Tulikwenda kwake tena, mwaka mmoja baadaye, kuomba radhi. Alitukaribisha vizuri. Saa ile juu ya sanduku ilikuwa imesimama, betri imekwisha, naye alikuwa anajua saa kwa jua kama zamani. Tulimpelekea mabati manane. Hayakutosha nyumba, akaezeka jiko.

Mwezi ujao anastaafu askari wetu wa zamu ya usiku. Ameulizwa. Anataka mabati ishirini na misumari yake, ile yenye kofia, na akasisitiza misumari kwa sababu watu huisahau. Amesema pia kwamba kitakachozidi, kama kitazidi, kipelekwe kwa mjane jirani yake huko Koboko, ambaye ana watoto wanne shuleni. Vyote viwili vimeandikwa. Mabati saba yamekwisha patikana, na daftari liko kwa katibu wa tawi mpaka Ijumaa.