Baridi ya Katavi Hutokea Chini

Ikifika Juni, wauza mablanketi wa Mpanda hawana haja ya kupiga kelele. Mvua zimeshakatika, anga ni jeupe usiku kucha, na alfajiri wanaowahi basi la Sumbawanga au Tabora wanatembea wamejifunika hadi masikioni. Mgeni wa Dar es Salaam hushangaa. Kaambiwa Katavi ni vumbi, viboko na jua kali. Habari ya kipupwe hakuna aliyemdokezea. Mji uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na bila mawingu joto la mchana hupaa lote kabla jogoo hajawika.

Anayelala nyumbani huongeza blanketi la pili na mambo yakaisha. Anayelala porini, awe mrina asali, askari wa doria, mvuvi wa Ziwa Rukwa au kijana aliyebeba mkoba mgongoni kwa hamu ya kutembea tu, blanketi la pili halimfai kama anavyodhani. Hapo ndipo fedha hupotea: mtu hununua cha kujifunika, akasahau cha kulalia.

Blanketi lenyewe halina joto. Kinachomhifadhi mtu ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na ukililalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo yote, hasa penye bega na nyonga. Kinachobaki ni kitambaa chembamba kati yako na udongo, na udongo haushibi. Hewa iliyo ndani ya hema ukishaipasha hutulia; ardhi utaipasha usiku kucha nayo itapokea tu. Mchanga mkavu una nafuu kidogo. Udongo mweusi wa mbugani, ambao Juni bado una unyevu chini ya ganda lake lililopasuka, ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu maji hupitisha joto haraka kuliko hewa.

Warina asali hawahitaji kufundishwa hili. Huko Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, Wakonongo wametundika mizinga kwenye miti ya miombo vizazi kwa vizazi, na msimu mkubwa wa kurina unaangukia miezi hiihii ya baridi. Kwa jadi kazi hufanywa jioni na usiku, mtu akipanda mtini na mwenge wa moshi. Akishuka mwili unatoka jasho, shati limelowa, na kijiji kiko mbali. Kinachofuata ni saa saba au nane za kulala chini.

Kitanda cha porini kilichotandikwa vizuri ni kazi ya kutazama. Hutafutwa mahali pa mwinuko mdogo chini ya miti. Bondeni pamelainika na panavutia, lakini hewa baridi ni nzito na usiku huteremka kujikusanya huko. Zinakatwa fito mbili, zinalazwa sambamba kwa upana wa mwili ili nyasi zisitawanyike. Kisha nyasi kavu, zile za shina lenye uwazi ndani, nyingi mno machoni pa asiyejua, maana mtu akishalala lundo la kufika magotini linabaki unene wa kiganja. Mbichi hazifai, zina maji. Juu ya nyasi gunia au turubai, juu yake mkeka, ndipo mtu na blanketi lake. Mkeka peke yake, hata uwe wa ukindu uliosukwa kwa ustadi, unazuia vumbi zaidi kuliko baridi.

Nyasi zenyewe zikung'utwe, kwa ajili ya nge na siafu. Na vibanda vya zamani vya udongo vilivyoachwa visimshawishi mtu kwa ukuta wao: papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu kama hizo, wakatoka usiku kunyonya damu, na homa ya papasi si jambo la kuletea mzaha ukiwa siku mbili kutoka zahanati.

Wapagazi wa misafara ya zamani nao walipita huku. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo karibu na Tabora, alizunguka kusini kupitia Ukonongo kabla ya kugeukia Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ile alibeba mzigo wa tajiri wa kilo thelathini hivi, na juu ya huo akabeba vyake: chungu, chakula, na mkeka wa kulalia. Anayehesabu gramu za mkoba wake leo na kuona kitandiko ndicho cha kuacha, amkumbuke huyo.

Sasa twende dukani. Mazungumzo ya duka la magodoro karibu yote hufanana.

"Kaka, hili la inchi mbili lina joto?"

"Lina joto sana, bosi wangu. Chukua na hili la maua."

Muuzaji hadanganyi. Sponji laini ya godoro ikiwa kavu inahifadhi joto. Kasoro zake ni mbili. Kwanza matundu yake yameunganika, kwa hiyo inafyonza maji kuanzia umande hadi chai iliyomwagika, na ikilowa inageuka kitandiko cha barafu. Pili, ile ya bei nafuu ni nyepesi mno; nyonga inazama hadi chini, na pale inapogusa ardhi hakuna sponji tena. Piga goti juu yake kabla ya kulipa. Goti likihisi sakafu, nyonga nayo itaihisi saa tisa usiku.

Inayofaa kwa safari ni sponji ngumu, ile ambayo kila kijitundu chake kimejifunga peke yake. Ndiyo inayotengenezewa mikeka ya mazoezi na baadhi ya ndala. Kipande chake ukikizamisha ndani ya ndoo ya maji na kukikamua, hakitoi kitu. Mkeka wa namna hiyo, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, una uzito usiofika nusu kilo, unafungwa nje ya mkoba kwa kamba, na mwiba ukiutoboa haukuharibii usiku.

Kwa nje ya nchi mambo haya yamewekewa hesabu. Mikeka na magodoro ya safari huandikwa kipimo cha R, na kadiri R inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyochelewa kupita. Zamani kila kiwanda kilijipimia kivyake. Mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM la Marekani lilitoa utaratibu mmoja: godoro linabanwa kati ya sahani mbili, ya juu ikiwa na nyuzijoto 35, karibu na ngozi ya binadamu, ya chini nyuzi 5, kisha hupimwa nishati inayohitajika ili ile ya juu isipoe. Mkeka wa sponji ngumu niliousema una R karibu 2. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hujumlishwa: mkeka wa 2 chini ya godoro la 3 unakupa 5.

Penye mtego mkubwa ni magodoro ya upepo. Lile la kujaza kwa pampu, nene sentimita ishirini, linaonekana la kifalme dukani. Ndani yake hamna kitu ila hewa huru, na hewa huru si hewa iliyonaswa. Kila unapogeuka inasukumwa na kuchanganyika, ya juu uliyoipasha ikabadilishana na ya chini iliyopoa, na joto lingine linaruka kwa mnururisho hadi upande wa ardhini. Mkeka wa sponji wa unene wa kidole unalishinda. Magodoro ya upepo ya maana yamejazwa kitu ndani: manyoya, nyuzi za sintetiki, au tando zinazong'aa zinazorudisha joto, na ya juu kabisa hupita R 7.

Kuna pia aina iliyo katikati. Mwaka 1972 huko Seattle, wahandisi Jim Lea na Neil Anderson, waliokuwa wamepoteza kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, walishirikiana na John Burroughs kutengeneza godoro la Therm-a-Rest: sponji laini, ndugu ya hii ya duka la Mpanda, imefungwa ndani ya gamba lisilopitisha hewa wala maji, lenye kizibo cha kufungulia. Sponji inabaki kavu, na hewa imenaswa humo humo.

Kwa kipupwe cha Katavi, maoni yangu ni kwamba R 2 inatosha wengi, na sponji ngumu ina haki ya kupewa kura kuliko chochote cha kujaza upepo. Sababu ni miiba. Pori la Sitalike hadi Ikuu lina migunga ya kutosha kutoboa kila cha upepo utakachobeba. (Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hutembei bila askari mwenye silaha, na hulali ila paliporuhusiwa; kiangazi viboko wa Mto Katuma hubanana kwenye madimbwi machache na usiku hutoka kwenda malishoni, wala hawakwepi hema.) Ukipanda uwanda wa Ufipa, ambako Sumbawanga iko mamia ya mita juu ya Mpanda, ongeza. Tandika sponji mbili, au nyasi chini ya moja.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 na ya Kibo zaidi ya 4,700, na huko maji ya chupa huganda hemani. Hapo usishuke chini ya R 4; 5 ndiyo ya kulalia kwa amani, na njia rahisi ya kuifikia ni kubeba sponji yako ya Katavi na kuitandika chini ya godoro la kukodi. Mgeni akilala hivyo, mpagazi aliyembebea naye ana mgongo. Shirika la KPAP la Moshi, lililoanza mwaka 2003, hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatunza wapagazi na huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Anayelipia safari anayo haki ya kuuliza watu wake watalalia nini.

Moshi na Arusha kuna maduka ya kukodisha vifaa. Usiishie kutazama rangi ya godoro. Uliza R, kwa matoleo ya karibuni mara nyingi huchapwa karibu na kizibo. Lijaze upepo, lifunge, lilalie dakika kumi palepale dukani, mwenye duka akitaka acheke. Na uombe kiraka na gundi viwemo ndani ya mfuko, kabla hujaacha malipo ya awali.