KAMERA KAMA SABUNI, LENZI KAMA MCHI!

Wiki hii niache nilie kidogo, maana yaliyonikuta hapa Lemara si ya kusimulia mbele ya wakwe.

Mbali na kuandika, ndugu yenu napiga picha. Sendofu, kipaimara, mtu akiniita naenda. Kamera yangu ni Sony A6000, toleo la mwaka 2014, nimeinunua mkononi kwa mtu na deni bado linasoma. Na betri yake ndani ina gramu 344 tu. Unaitia kwenye mfuko wa koti, unapanda kifodi, hakuna anayejua!

Basi bwana, nikapata tenda ya kipaimara. Kanisani wapiga picha tunawekwa mbali, hivyo nikamwendea braza mmoja anayeendesha watalii, akaniazima lenzi yake ya Canon, ile nyeupe ya 70-200 yenye mwanga wa 2.8. Mzee, gramu 1,490! Zaidi ya mara nne ya kamera. Braza akaniangalia, akasema, "Dogo, shika lenzi, usishike kamera." Nikajibu "poa braza" huku akili iko kwenye malipo.

Hizi kamera za siku hizi zimeondolewa kile kioo cha ndani. Kwenye zile Canon zenye kioo, kutoka mdomo wa kamera hadi picha inapodakwa ni milimita 44, kwenye Sony yangu ni 18. Ndiyo maana ni nyembamba, na ndiyo maana unaweka adapta ya kujazia zile 26 na lenzi ya Canon inakubali. Lakini bodi ikikonda, lenzi haikondi! Chukua 200 ugawe kwa 2.8, unapata 71 na ushee. Hizo ni milimita za upana wa njia ya mwanga, na vioo vya kuijaza ni vizito. Hata Sony wenyewe, ile waliyoipunguza mwaka 2021 bado ina gramu 1,045.

Jumamosi jioni nikapanda boda kutoka Njiro kurudi Lemara, kamera shingoni, lenzi inaning'inia. Kila shimo, puu! Mzigo wote unavuta zile skrubu ndogo za mdomo wa kamera, maana uzito uko mbele na shina ni jepesi.

Jumapili nikapiga kama kawaida. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu bomba. Jumatatu nafungua kwenye kompyuta, nikakaa chini. Watoto wamesimama mstari mbele ya madhabahu, wa kushoto unaona hadi uzi wa gauni, wa kulia ukungu mtupu. Mdomo ulikuwa umepinda, labda kwa unene wa unywele tu.

Mama mmoja akaweka kidole kwenye picha. "Mwanangu, huyu wa mwisho ndiye wangu. Mbona umempiga ukungu?" Nilimrudishia hela yake, lakini kipaimara hakirudiwi.

Fundi wa mjini ameukaza na kuunyoosha. Sasa nafanya alivyosema braza: kiganja cha kushoto chini ya lenzi, kamera inabaki abiria. Mkanda naufunga kwenye ule mguu wa lenzi, na kwenye stendi nafunga mguu huohuo, siyo bodi. Kwenye boda navitenganisha, kila kimoja na kitambaa chake. Na wewe unayekwenda Momella kuwavizia flamingo, weka mfuko wa maharage dirishani mwa gari ulaze lenzi juu yake, madereva wetu wanaujua huo mchezo.

Lenzi nimeazimwa tena, Jumamosi nina sendofu. Yule mama nimemwahidi kumpiga binti yake picha bure, na gauni lilelile jeupe. Kasema nije, ila nije na simu.