Fahamu: Kompyuta ikigoma kuwaka, asiyeona huifufuaje?

Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Nyingi zilihitaji kurekebishwa kwa mkono kupitia menyu za dharura. Kwa asiyeona, ugumu huanzia hapo.

Kwa nini? Kisoma skrini kama NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006, hutamka maandishi baada ya Windows kuwaka. Kabla ya hapo, mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya kuwashia kompyuta) na ukurasa unaodai ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kinga inayofunga diski ya Windows, kwa kawaida huwa kimya.

Nini husaidia? Kwenye Mac nyingi, Command na F5 huwasha VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, hata katika hali ya urejeshaji. Wakati wa kusakinisha Windows upya, Ctrl, Windows na Enter huwasha Narrator, kisoma skrini cha Windows, mradi kadi ya sauti itambuliwe. Penye ukimya, mtu wa kujitolea wa Be My Eyes, programu ya simu ya kuwasaidia wasioona, husoma skrini kupitia kamera ya simu.

Jiandae mapema: tunza nakala za mafaili, flashi ya kusakinishia na ufunguo wa BitLocker nje ya kompyuta hiyo.

Watengenezaji nao waweke sauti tangu kompyuta inapowashwa. Kujirekebishia kifaa chako ni sehemu ya kujitegemea.