Bahasha ya wazee: kanisa linavyochangisha, na pesa zinavyomfikia mzee

Kila tangazo la harambee ya wazee linapobandikwa kwenye geti la kanisa hapa Kisauni, Waislamu wenzangu wawili watatu huniuliza swali lilelile: hizo pesa humfikia nani? Si swali baya. Baada ya yale ya Shakahola mwaka 2023, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi yetu hii, hata Wakristo wenyewe wanaliuliza. Nimeishi na majirani wa kanisa miaka mingi, na wengine hunialika kuchanga, kwa hivyo wacha nieleze ninavyouona mchango huo ukienda.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna harambee ya siku moja, na kuna bahasha ya kila wiki.

Harambee kila Mkenya anaijua. Mahema yanakodishwa, kwaya inaimba, mgeni rasmi anafika amechelewa, na mshereheshaji anatangaza kwa kipaza sauti fulani katoa ngapi. Kisha mnada. Kuku wa shilingi mia sita ananunuliwa kwa elfu tatu, halafu aliyemnunua anamrudisha auzwe tena. Watu wanacheka, pesa zinapatikana. Tatizo ni kwamba mzee mwenyewe amekalishwa kiti cha mbele tangu asubuhi, blanketi mapajani, akisubiri kupigwa picha na mheshimiwa. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe pesa ambazo Rais Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto. Vijiweni huku kwetu watu walishangaa, nani anakataa hela? Mimi nilimwelewa. Pesa ya mwanasiasa huja na mwenyewe, na mwenyewe hukaa mahali pa yule aliyechangiwa.

Bahasha ya kila wiki haina kipaza sauti. Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki lilianza miaka ya 1970 kusisitiza jumuiya ndogondogo, yaani familia chache za mtaa mmoja zinazokutana nyumbani kwa zamu kusali. Mwisho wa sala bahasha inapita: hamsini, mia, mwenye mia mbili siku hiyo kabarikiwa. Katibu anaandika kwenye daftari la shule. Kiasi ni kidogo, lakini watu hawa ni majirani, na wanajua bibi wa chumba cha nyuma hajaonekana kisimani tangu Jumanne. Baadhi ya parokia zina pia Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake wa chuo kikuu. Desturi yao ni kumtembelea mhitaji nyumbani kwake, wawili wawili. Wawili, nadhani, ni kwa heshima na pia kwa ushahidi. Pesa ikikabidhiwa mbele ya macho manne haipotei njiani.

Sasa tuone zinanunua nini, maana hapa ndipo wengi hawapafikirii. Serikali kupitia Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, ni kama shilingi 66. Na mara nyingi hazifiki kwa wakati, zinarundikana miezi miwili mitatu, na huku mzee kashakopa dukani. Mwenye miaka 64 hayumo kabisa kwa hesabu ya umri, ingawa Katiba inamhesabu kuwa mzee kila aliyepita miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali.

Jirani yangu, mweka hazina wa jumuiya yao, aliwahi kunionyesha daftari. Hakuna kitu cha kupigia makofi mle. Malipo ya SHA ya mzee asiye na kipato, shilingi 300 kwa mwezi, ila hudaiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Nauli ya bodaboda kwenda kliniki ya presha. Nepi za watu wazima. Sabuni, na kitu kidogo kwa msichana anayemwogesha. Hakuna mgeni rasmi atakayesimama kutangaza ametoa nepi, na mzee anazihitaji kila siku ya Mungu, si siku ya harambee tu.

Wako waliolifanya hili kuwa maisha yao. Kule Kasarani, Nairobi, Masista Wadogo wa Maskini wana nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, pale Jeanne Jugan alipomchukua bibi kipofu akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, kisha akashika kikapu akawa anabisha hodi mlango kwa mlango kumwombea riziki. Hadi leo masista hao huomba, sokoni na madukani, na desturi yao ni kutotegemea mapato ya kudumu. Wanapokea wazee wa dini yoyote.

Sisi Waislamu tumekwenda njia ya kinyume. Tuna wakfu: mtu anatoa nyumba au shamba, kodi yake inawalisha maskini hata baada ya yeye kufa. Kwa hesabu, naupenda wakfu zaidi, maana watu huchoka kuchanga lakini kodi ya nyumba haichoki. Ila wakfu haubishi hodi. Sina hakika kila msikiti wetu una daftari la wazee wa mtaa wake kama lile la jirani yangu.

Je, Mwislamu achange? Wanazuoni wengi wanasema zaka ya faradhi ni ya Waislamu, lakini sadaka ya kawaida mlango wake ni mpana, na asiye Mwislamu anapewa. Mimi hutoa sadaka, nikitaja kuwa ni ya bahasha ya wazee, si ya paa la kanisa. Naandikiwa risiti.

Kuna jambo moja ambalo blanketi na unga haviliwezi. Kilifi, mzee mwenye mvi anaitwa mchawi, na ukichimba mara nyingi utakuta shamba chini ya maneno hayo. Baadhi yao wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze kuokoa roho zao. Makanisa yanawakusanyia wazee kama hao chakula na nguo, vizuri, lakini anayekula akiwa ukimbizini bado shamba lake linalimwa na waliomfukuza. Mwezi huu bahasha ya jumuiya ya jirani yangu ni nauli: mzee mmoja na mashahidi wake wawili, kwenda na kurudi, mahakama ya ardhi Malindi. Nimetia mia tano.