Kabla ya Kununua Kadi, Iulize Kompyuta

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mtumba Kariakoo, au katika maduka ya Luthuli jijini Nairobi, zilianza maisha yake ofisini ng'ambo. Kampuni ilizitumia miaka kadhaa, ikazibadilisha kwa mkupuo mmoja, nazo zikapakiwa kwenye makontena. Ni mashine imara: prosesa ya Intel ya kizazi cha sita hadi cha tisa, ramu ya gigabaiti 8 au 16, boksi jembamba lisilokula nafasi. Kadi ya grafiki haimo, kwa sababu karani hakuihitaji. Anayeihitaji ni mwenye mashine wa sasa, anayehariri video za harusi, anayesomea usanifu majengo, au anayependa gemu. Swali lake huwa moja: Nvidia au AMD?

Swali hilo lina haki yake, ila linakuja mapema mno. Kwa mashine ya aina hii, kompyuta yenyewe imeshakata nusu ya shauri kabla mwenyewe hajaingia dukani.

Tuanze na umeme. Pawasaplai za mashine hizi ndogo ni za wati 180 hadi 300 hivi, na mara nyingi hazina ile kebo ya ziada ambayo kadi kubwa hudai. Kadi italazimika kunywa umeme kupitia sloti inamochomekwa, na kipimo cha sloti hakizidi wati 75. Watengenezaji wengine wa kompyuta hukipunguza zaidi katika maboksi madogo, jambo linalotajwa kwenye mwongozo wa mashine na linalostahili kusomwa. Kisha kuna kimo: boksi jembamba hupokea kadi fupi tu. Kwa hiyo, kati ya kadi zote zinazosifiwa duniani, zinabaki chache sana. Mbili zinazogombewa zaidi ni GTX 1650 ya Nvidia, iliyotoka mwaka 2019 na inayotumia wati 75, na RX 6400 ya AMD, iliyotoka mwaka 2022 na inayotumia wati 53. Zote mbili zina kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani milioni mbili na ushei. Picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, pikseli milioni 124 hupatiwa rangi kila sekunde, na katika gemu rangi ya kila moja ni jibu la hesabu za mwanga, kivuli na umbali. Prosesa ina viini vichache vyenye nguvu, vinavyomudu maagizo ya kila aina. Chipu ya grafiki ina mamia au maelfu ya vikokotoo vidogo vinavyopiga hesabu ileile kwa pikseli tofauti kwa wakati mmoja.

Wauzaji hupenda kutangaza idadi ya vikokotoo hivyo. GTX 1650 inavyo 896, RX 6400 inavyo 768, na mnunuzi hudhani mshindi amepatikana. Hajapatikana. Ndani ya Nvidia yenyewe, RTX 2060 ilikuwa na vikokotoo 1,920 na mrithi wake RTX 3060 ikawa na 3,584, lakini kasi ya gemu haikukaribia hata kuongezeka maradufu. Sababu ni kwamba katika kizazi kipya sehemu ya vikokotoo hupokezana zamu kati ya hesabu za desimali na za namba kamili, na vyote vilitiwa kwenye hesabu ya tangazo. Ikiwa idadi inapotosha ndani ya kampuni moja, kuilinganisha kati ya kampuni mbili ni kujisumbua bure.

Kasi ya kumbukumbu inasema zaidi, na hapa kadi zetu mbili zinavutia sana. GTX 1650 ya awali husoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 128 kwa sekunde, na RX 6400 vivyo hivyo, 128. Njia zilizozifikisha hapo ni tofauti: Nvidia ilitumia kumbukumbu ya polepole kwenye barabara pana ya biti 128, AMD ikatumia ya kasi maradufu kwenye barabara ya biti 64, kisha ikaongeza hifadhi ndogo ya megabaiti 16 ndani ya chipu ili safari za nje zipungue. Ni uhandisi wa kupendeza. Chipu ya AMD ina transista bilioni 5.4 katika milimita 107 za mraba, ilhali ya Nvidia ina bilioni 4.7 katika milimita 200.

Ukisoma hadi hapo ungeichukua RX 6400: mpya zaidi, hunywa umeme kidogo, hutoshea popote. Kasoro yake iko kwenye sloti. Kadi na prosesa huzungumza kupitia njia za PCI Express. GTX 1650 hutumia njia 16. RX 6400 hutumia nne tu, kwa kuwa chipu yake ililengwa hasa kwa kompyuta za mapajani. Kwenye mashine mpya yenye PCI Express ya toleo la nne, njia nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na mambo huenda vizuri. Mashine zetu za ofisini zina toleo la tatu, ambalo kwa njia nne halifiki hata gigabaiti 4. Kwenye toleo hilohilo la tatu, GTX 1650 hupata karibu 16.

Tofauti hiyo hulala kimya mpaka kumbukumbu ya kadi ijae. Hapo kadi huwa kama seremala ambaye meza yake imejaa, akalazimika kila mara kuvuka ua kwenda stoo kuchukua randa. Data iliyokosa nafasi huwekwa kwenye ramu ya kompyuta, na kila inapohitajika lazima ipite kwenye njia zile nne. Gemu huanza kukwamakwama. Gigabaiti 4 hujaa upesi katika gemu za miaka hii, kwa hiyo hili si jambo la nadra.

Kwa mhariri wa video kuna kasoro nyingine, na nashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra madukani: RX 6400 haina kabisa sehemu ya kusimba video. GTX 1650 inayo, na huikamilisha filamu ya harusi bila kuielemea prosesa. Hata hivyo prosesa nyingi za Intel zina sehemu hiyo ndani yake, na inaweza kuendelea kutumika endapo grafiki ya ndani itaachwa imewashwa kwenye BIOS. Tena, jibu liko kwenye mashine.

Nje ya kampuni hizo mbili, kadi ya Arc A380 ya Intel ina gigabaiti 6 na husimba hata video za AV1, uwezo ambao wapinzani wake wa bei hiyo hawana. Lakini hulegea sana pasipo Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na mashine za umri huu kwa kawaida hazina. Ningeiacha.

Mwenye fedha zaidi kidogo aitafute RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024: wati 70, njia nane, na kumbukumbu inayochelewa kujaa. Kwa boksi la ofisini sijui iliyo bora kuliko hiyo kwa bei yake. Asome vizuri maandishi ya kifungashio cha kadi, kwani RTX 3050 ya gigabaiti 8 ni kadi nyingine, hudai takribani wati 130 na kebo ya ziada. Hata baadhi ya GTX 1650 zilitoka kiwandani na tundu la kebo hiyo.

Kabla ya kulipa, kadi ichomekwe na programu ya bure ya GPU-Z ifunguliwe. Zipo chipu za Nvidia za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au nyinginezo, na tangu mwaka 2018 GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Tundu la bluu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa 1050 Ti au 1650 nalo litiliwe shaka, maana chipu hizo hazitoi mawimbi ya aina hiyo. Muuzaji asiyekubali kadi ijaribiwe mbele ya mteja, aachiwe kadi yake.